Maonyesho ya ndege, gwaride la sikukuu au uzio wa uwanja wa Kisumu: mpenzi wa ndege aende wapi?

Ukiwa mpenzi wa ndege na unaishi huku magharibi mwa Kenya, swali hurudi kila mwaka. Nauli niliyo nayo niitumie kwenda Nairobi kwenye maonyesho ya ndege? Nisubiri sikukuu ya taifa iletwe kaunti ya jirani? Au niridhike na ndege za abiria zinazotua Kisumu kila siku? Vijana wa sekondari huniuliza, na wazazi wao pia. Siku hizi wengi wanaongeza la pili: ni sawa kushangilia ndege ya kivita huku tukijua kazi iliyofanya Somalia, na tukijua ugaidi umetutenda nini hapa nyumbani?

Kwangu mimi hayo mawili hayaachani. Mahali unaposimama kuitazama ndege ndipo panapoamua utaiona kama nini: kama ustadi wa rubani, kama nguvu ya serikali, au kama chombo cha kazi. Ndege za kivita nimezipenda tangu utotoni na mapenzi hayo hayajapoa. Ila nimeona watu wakirudi nyumbani wamekata tamaa kwa sababu walifuata kitu kimoja wakapewa kingine, ndiyo maana nimeona heri niyaandike haya.

Nitazipima njia hizi tatu kwa mambo manne. La kwanza, unaiona ndege kwa ukaribu gani. La pili, usalama wako, wa angani na wa katikati ya umati. La tatu, gharama ukitokea huku. La nne halimo kwenye matangazo ya waandaaji, nalo ndilo ninalolijali zaidi: utajifunza nini kuhusu kazi halisi ya ndege hiyo?

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Nikisema maonyesho, nina maana ya siku kama ile ya tarehe 28 Mei 2022 pale Uhuru Gardens, Nairobi, ambapo jeshi lilipanga ndege zake raia wazione chini na angani. Gwaride ni sikukuu ya taifa yenye ndege za jeshi kupita juu ya uwanja. Sikukuu ya Madaraka, ya Juni 1, imefika Nakuru mwaka 2016, Kisumu mwaka 2021, Bungoma mwaka 2024 na Homa Bay mwaka 2025. Mashujaa ilifika Kisii mwaka 2020. Wengi hawajui kwamba Juni 1 ni siku ya kuzaliwa ya Jeshi la Anga la Kenya pia, lililoundwa tarehe hiyo mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Madaraka yenyewe. Na uzio ni uzio: kukaa mahali panaporuhusiwa karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, upande wa Usoma, ukitazama zinazokuja na zinazokwenda.

Ukaribu

Hapa maonyesho yana utajiri ambao njia nyingine hazina. Ndege imeegeshwa. Unaizunguka. Unaona ribiti kwenye bati, matairi yaliyochubuka, alama za mafuta chini ya tumbo, na pembeni amesimama rubani au fundi aliyevaa ovaroli, tayari kuulizwa. Mtu aliyeizoea F-5, ndege ya kivita ya jeshi letu la anga, kwenye picha hushangaa akiikaribia. Ni ndogo. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 8 na kitu tu, ilhali Dash 8-400 inayoleta abiria Kisumu ina zaidi ya mita 28. Ile F-5 ni injini mbili zilizovikwa ngozi nyembamba, na kiti cha rubani mbele. Hayo huyaelewi mpaka usimame chini ya ncha ya bawa lake.

Kisha inapaa. Kwenye maonyesho ndege haipiti tu. Inageuka, inapanda wima, inajibingirisha, inarudi. Unaona kile rubani anachoweza kuitendea hewa. Kama lengo lako ni ustadi, hutaupata kwingine.

Gwaride linakupa sekunde chache. Ndege za kivita zinauvuka uwanja kabla hujamaliza kumwonyesha mtoto kwa kidole, na sauti inafika zikiwa zimeshapita: kwanza unaona vivuli vitatu vimejipanga, kisha kifua chako kinatikisika, na unapogeuka zimebaki nukta. Helikopta zinakuja polepole zaidi, nazo ndizo watoto huzifurahia. Lakini kuna jambo wenyeji wanalijua na wageni hawalijui: marubani hufanya mazoezi siku kadhaa kabla ya sikukuu. Atakayekaa mahali pa wazi siku za mazoezi ataziona mara nyingi kuliko aliyeketi jukwaani siku yenyewe, tena bila msongamano.

Uzioni hakuna F-5. Kuna Embraer za Kenya Airways na Dash za Jambojet, na ndege ndogo hapa na pale. Mtu asiyezipenda ndege atasema ni basi la angani. Mimi nasema hapo ndipo jicho linapojifunza. Itazame Dash ikitua: magurudumu yameshuka kutoka ndani ya nyumba za injini kama miguu mirefu ya korongo, tairi linagusa lami na moshi mweupe unaruka nyuma yake, kisha rubani anageuza pembe ya mapanga na mngurumo unabadilika ghafla kuwa mzito, ndege inajizuia kwa upepo wake yenyewe. Mapanga ni sita kwa kila injini. Ukikaa saa mbili utaona mambo hayo yakirudiwa na marubani tofauti, na utaanza kutambua nani ameitua kwa upole na nani ameibwaga. Kwenye maonyesho huwezi kulinganisha hivyo kwa sababu kila kitu hutokea mara moja.

Usalama

Nianze na hatari ya ndege yenyewe. Maonyesho yana historia ya vifo ambayo mpenzi wa ndege anapaswa kuijua bila kuificha. Tarehe 28 Agosti 1988 huko Ramstein, Ujerumani, ndege tatu za timu ya Italia ziligongana na moja ikaangukia umati. Walikufa watu 70, watatu kati yao wakiwa marubani. Tarehe 27 Julai 2002 huko Sknyliv, Ukraine, ndege ya Su-27 ilianguka kati ya watazamaji, ikaua 77. Sababu kubwa ni ile ile kila mara: michezo ya chini sana, karibu mno na watu, au ndege kuelekezwa upande walioko watu. Baada ya Ramstein nchi nyingi zilikaza masharti: ndege ifuate mstari ulio mbali na umati, na isiwaelekee watazamaji katikati ya mchezo.

Tukio ninalowasimulia vijana wa huku zaidi ni la Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015. Hawker Hunter ya zamani (aina ambayo Kenya nayo iliwahi kuirusha miaka ya 1970) ilishindwa kumaliza mzunguko wa wima na kuangukia barabara kuu. Waliokufa ni watu 11, na hawakuwa ndani ya uwanja wa maonyesho. Walikuwa barabarani nje yake, baadhi wakipita na shughuli zao, baadhi wakitazama. Ndani ya uzio watazamaji walilindwa na masharti. Nje hakukuwa na aliyewapangia mahali pa kukaa. Kwa hiyo ukienda maonyesho, ingia ndani. Usijibane kwenye kona ya barabara upande ndege zinakogeukia eti kwa sababu ni bure.

Gwaride lina hatari ndogo zaidi kwa upande huo, kwa sababu ndege hupita moja kwa moja, zimesawazika, bila kujipindua. Hatari yake kubwa iko chini, kwa watu: malango yenye foleni tangu usiku, kusukumana, jua, watoto kupotea.

Halafu kuna ugaidi, na nitausema wazi. Nchi yetu imezika watu 213 waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, 67 wa jumba la maduka la Westgate mwaka 2013, 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na 21 wa hoteli ya Dusit mwaka 2019. Familia za huku kwetu zilipoteza watoto Garissa. Mzazi anayesita kumpeleka mwanawe kwenye mkusanyiko mkubwa si mwoga, na asichekwe. Ninachoweza kumwambia ni kwamba sikukuu za taifa na maonyesho ya jeshi ni miongoni mwa mikusanyiko inayolindwa kwa makini zaidi nchini, kwa upekuzi wa kila mtu na mifuko yake. Ajipime mwenyewe. Moyo ukikataa, mazoezi ya kabla ya sikukuu yanaonekana ukiwa uani kwako.

Uzioni hali ni ya namna nyingine. Ndege ya abiria yenyewe imewahi kulengwa hapa Kenya: tarehe 28 Novemba 2002, siku ileile hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa kwa bomu, magaidi waliirushia makombora mawili ndege ya Israeli ilipokuwa ikipaa Mombasa. Yaliikosa. Tangu hapo, mtu anayesimama mwisho wa njia ya kurukia akiwa na darubini na kamera lazima aulizwe maswali, na mlinzi anayemuuliza anafanya kazi yake. Nimeona vijana wakimkasirikia. Msimkasirikie. Jitambulisheni, mseme mnachofanya, na mkiambiwa msogee, sogeeni. Ufukwe wa Usoma na vibanda vya chakula vya jirani vinatosha kabisa kuona ndege zikija juu ya maji. Na ndege ya jeshi ikiwepo uwanjani, au mkipita karibu na kambi yoyote, kamera iingie mkobani. Hilo halina mjadala.

Gharama

Sitakaa sana hapa. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara, kwa hiyo maonyesho ya huko maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na pengine kulala usiku mmoja. Mtu wa Nakuru ana nafuu kubwa: anatoka alfajiri na kurudi jioni. Gwaride likija kaunti ya jirani ni nauli ya matatu tu, lakini halichagui kuja kwako. Linazunguka nchi nzima. Uzio ni maji ya kunywa na samaki wa kukaanga.

Kazi ya ndege

Sasa lile la nne, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwenye maonyesho mtangazaji atakwambia kasi ya ndege, uzito wake, na umbali inaokwenda. Ni habari za kweli na ninazipenda. Ila hatakwambia ilipiga nini. Tarehe 16 Oktoba 2011 jeshi letu lilivuka mpaka kuingia Somalia kwa operesheni ya Linda Nchi, baada ya utekaji nyara kule Lamu na Dadaab, na ndege zetu za kivita zilipeleka mabomu. Mwezi huohuo, tarehe 30, mabomu yaliangukia mji wa Jilib, Somalia, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likasema raia waliokimbilia kambini waliuawa na kujeruhiwa, watoto wakiwemo. Jeshi lilikanusha kwamba liliwapiga raia. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Septemba 2012, mji wa bandari wa Kismayo ulichukuliwa kutoka kwa kundi la al-Shabaab.

Msimamo wangu ni huu. Nchi iliyoshambuliwa ina haki ya kujilinda, na siwezi kumwambia mzazi wa Garissa kwamba tungekaa kimya. Lakini tarehe hizo ukizipanga kwa mfuatano zinasema jambo: Westgate ilikuja baada ya Kismayo, na al-Shabaab wenyewe walisema wanalipiza askari wetu kuwa Somalia. Garissa ikafuata. Siku chache baada ya Garissa ndege zetu zikapiga kambi zao eneo la Gedo. Dusit ikatokea baadaye vilevile. Bomu la angani linaweza kuvunja kambi. Kumzuia kijana asiingizwe kwenye kundi ni kazi ya wengine, nayo haionyeshwi na ndege yoyote.

Na Garissa ina funzo jingine kwa mpenzi wa ndege. Shambulio lilianza alfajiri. Kikosi maalumu cha polisi, Recce, kilikuwa Nairobi, na kilifika mchana; nchi nzima ililalamikia usafiri wa ndege siku ile. Hakuna aliyehitaji ndege yenye kasi kuliko sauti asubuhi ile. Ilihitajika ndege ya kawaida ya kubeba watu, yenye mafuta, yenye rubani, iliyo tayari. Kila ninapoona umati unaipigia makofi F-5 na kuipa kisogo ndege ya mizigo iliyoegeshwa kando yake, nakumbuka hilo. Ukienda maonyesho, mwulize rubani wa ndege ya uchukuzi maswali yako mazuri zaidi.

Gwaride linakuonyesha kitu kingine: ndege ikiwa mkononi mwa dola. Jukwaani yupo Rais, na ndege zinapita mbele yake kwa heshima. Kwa Kenya hilo si jambo dogo. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walijaribu kupindua serikali, kiongozi wao akiwa Hezekiah Ochuka, mtu wa Nyakach. Marubani walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupaa na mabomu kutoka Nanyuki wakailipue Nairobi. Wakaenda kuyaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jeshi lile lilivunjwa, likaitwa Jeshi la Anga la 82 mpaka mwaka 1994 liliporudishiwa jina. Kwa hiyo ndege ikipita juu ya uwanja kwa mpangilio, chini ya amri halali, unatazama uaminifu uliojengwa upya kwa miaka mingi. Ninasimama wakati ule, na ninamaanisha ninaposimama.

Hatuwezi kulizungumza jeshi la anga huku kwetu bila kumtaja Jenerali Francis Ogolla. Alifunzwa urubani wa F-5 Marekani, akawa kamanda wa jeshi la anga, kisha Mkuu wa Majeshi. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta aliyokuwamo ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wanajeshi wengine tisa. Alikuwa ametoka kukagua operesheni ya kupambana na wezi wa mifugo wenye silaha Kaskazini mwa Bonde la Ufa, ambako shule zilikuwa zimefungwa na zikifunguliwa upya. Alizikwa Ng'iya, Siaya, bila jeneza, kama alivyotaka. Alifia ndani ya helikopta ya kazi, katika shughuli za kawaida zisizo na mashabiki.

Uzio hukwambia nini? Hukwambia ndege hufanya nini siku ambazo hakuna vita wala sherehe, yaani siku nyingi zaidi. Inaleta mgonjwa, inapeleka samaki, inamrudisha mwana nyumbani kwa matanga. Kisumu imekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1931, ndege za majini za Imperial Airways zilipotua ziwani zikielekea Mwanza na barua kutoka London. Kwa miaka yote hiyo uso wa ziwa na lami ya Usoma vimebeba watu na vifurushi zaidi ya silaha. Upungufu wake ni kwamba ukitazama uzioni tu utadhani ndege ni usafiri basi, na utashindwa kushiriki mjadala wa wajibu wa jeshi, mjadala ambao kila mlipa kodi ana haki nao.

Uamue vipi kulingana na hali yako

Kama ni kijana unayetaka kuwa rubani au fundi, tunza nauli uende maonyesho yakitangazwa. Dakika kumi na mtu anayeirusha ndege zina thamani kuliko picha za mwaka mzima. Nenda na maswali yaliyoandikwa, na moja liwe hili: umewahi kuitumia kwa kazi gani, na nini kilifuata?

Kama una watoto wadogo, anza na uzio, kisha mazoezi ya kabla ya sikukuu. Wazibe masikio, sauti ya ndege ya kivita ikiwa chini huwaumiza. Gwaride lenyewe liwasubiri wafike umri wa kuvumilia jua na foleni tangu alfajiri.

Kama wewe ni mwalimu wa historia au uraia, gwaride ndilo darasa lako, hasa likija kaunti ya karibu. Wasomeshe wanafunzi kuhusu 1982 na 2011 kabla ya siku yenyewe, si baadaye.

Kama unaishi Nakuru, una bahati ya kuwa katikati, na Lanet, kilipo chuo cha maofisa wa jeshi, iko mlangoni pako. Kwako gharama haina uzito mkubwa, kwa hiyo chagua kwa lile jambo la nne.

Kama moyo wako haukubali kushangilia silaha, usijilazimishe, na usikubali mtu akwambie basi wewe si mpenzi wa ndege. Uzio unakutosha. Na kama unazishangilia kwa moyo wote, nenda, shangilia. Ila siku hiyohiyo msomee mwanao pia kilichotokea Jilib na Garissa.

Na kama katika nyumba yako yuko mtu aliyenusurika shambulio lolote, au aliyetoka kwenye vita, mwulize yeye kwanza. Ndege za mazoezi zikikaribia, mjulishe mapema saa zitakapopita, au mpeleke kwa ndugu walio mbali na mji siku hizo, hata kama wewe mwenyewe umezisubiri kwa hamu mwaka mzima.